Gari Tulilokwenda Kulitazama kwa Bodaboda

Nikianza na ubaya wangu nitapumua vizuri: mwaka jana nilimsomea kaka yangu tangazo la gari, nikauona mstari mdogo chini ya bei, nikaukalia kimya. Hicho ndicho nilichofanya. Mengine yote utakayoyasikia hapa, mwanangu, yalitoka kwenye mstari ule.

Ninakuita mwanangu, usicheke. Najua uko kidato cha kwanza na mimi niko cha tatu, na ndevu zangu ukikaa kuzihesabu hutamaliza dakika. Lakini katika habari ya kununua gari la mbio lililotoka kiwandani juzi, hapa kwetu hakuna mzee wa kunizidi. Kaa chini unisikilize.

Kaka yangu anaitwa Luhende. Aliacha shule darasa la tano, mwaka aliofariki baba, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita ili mimi nisiache. Ada yangu, sare zangu, hata kalamu hii inayokushauri, vimetoka ardhini kwa mikono yake. Haniiti Mabula kama watu wengine, ananiita Msomi. Akipata karatasi yoyote yenye Kiingereza, hata ile ya maelekezo ya sumu ya panya, huikunja akaiweka mfukoni mpaka arudi nyumbani, aniambie, "Msomi, hebu soma hapa." Halafu ananitazama mdomo ninavyosoma, kama mtu anayeangalia mpira.

Sasa uelewe kidogo wanavyofanya kazi kule, maana bila hilo hutaona uzito wa jambo. Kaka ana duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, na ana wachimbaji tisa. Hao hawana mshahara. Kaka anawalisha na kuwanunulia tochi, wao wanachimba, na siku mawe yenye dhahabu yakitoka wanagawana mifuko. Wanaweza kuchimba miezi minne kwa ugali na dagaa, wakingoja siku moja tu. Na chini kule kuna maji, kwa hiyo pampu inanguruma mchana kutwa kuyavuta. Pampu ikinyamaza, duara linageuka kisima.

Basi mwaka jana duara likatema. Kila mtu akapata mifuko yake, na kaka akarudi nyumbani na shati jipya na wazo moja: pikapu. Pikapu iliyotumika, ya kubebea mawe kule na mpunga wa mama huku. Lilikuwa wazo zuri, mwanangu, wazo la mtu mwenye akili zake. Mimi ndiye niliyeliua.

"Pikapu?" nikamwambia. "Kaka, mtu amepata dhahabu halafu ananunua pikapu? Si watasema umeuza mbuzi?"

"Watasema akina nani?"

"Watu."

Nikachukua simu yake nikamfungulia picha. Milango miwili, rangi ya chungwa, limelala chini kama paka anayevizia. Toleo jipya kabisa, limetangazwa wiki ileile. Liliponguruma kwenye video, mama alitoka jikoni mbio kuanua nguo, akidhani mvua inakuja. Kaka aliitazama ile video mara sita. Ya saba nikajua pikapu imekufa.

"Bei gani hii, Msomi?"

Nikamsomea. Ilikuwa bei kubwa, lakini alikuwa nayo na kidogo kingebaki. Chini yake ndipo palipokuwa na ule mstari, herufi ndogo kama mayai ya chawa: bei hii si pamoja na usafirishaji, bima, ushuru wala kodi za nchi ya mnunuzi. Niliusoma. Tena niliuelewa kila neno, mwalimu wangu wa Kiingereza angefurahi sana.

"Ni hiyo tu?" kaka akauliza. "Hakuna kingine?"

"Ni hiyo tu."

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nimeshajiona nikishushwa getini siku ya kufungua shule, shule nzima imejipanga, na mkuu wa shule mwenyewe ameacha kiboko chini ili apige picha. Hilo tu. Sina sababu nyingine ya maana zaidi. Ningekuwa nayo ningekupa.

Gari kama lile, mwanangu, bei inayotangazwa ni ya kulitazama. Ya kulifikisha nyumbani ni nyingine, na haina mwisho. Ikaja ya meli. Ikaja ya bima ya melini. Gari likafika Dar es Salaam, ikaja ya ushuru, na kwa kuwa lilikuwa jipya na injini yake ni kubwa, ushuru wake nao ulikuwa mpya na mkubwa. Wakala wa kulitoa bandarini alipopiga simu kutaja jumla, kaka alidhani anatajiwa namba ya simu, akaanza kutafuta kalamu. Alipoelewa alikaa chini, pale pale uani, bila kiti.

Na bandari haikusubirii bure. Kila siku unayozunguka kutafuta hela, ni siku ya kulilipia gari malazi. Kaka akauza kiwanja chake cha Kolandoto alichokuwa anasema atajenga akioa. Haikutosha. Akaenda Geita, akauza pampu. Akamwambia Nkwabi, mkubwa wa wachimbaji wake, kwamba pampu imepelekwa kwa fundi, wiki mbili itarudi. Kaka yangu hakuwa mwongo, mwanangu. Uongo ule alifundishwa na tangazo, na tangazo nilimsomea mimi.

Gari likaja, likiendeshwa na dereva wa kukodi kutoka Dar. Kila kijiji cha njiani kina matuta, na tumbo la gari lile liliyabusu yote, halikubagua. Lilipofika lami ya Samuye dereva akasimamisha, akatazama njia ya kwenda kwetu, akakabidhi funguo na kuaga. Kutoka pale mpaka nyumbani ni kilomita sita za udongo mweusi wa mbuga, na masika yalikuwa yameanza. Chini ya gari lile angeweza kupita mjusi, tena mjusi mwenye adabu, anayeinama.

Tukaliacha pale barabarani, kwenye ua wa Mzee Athumani anayeuza saruji na mabati. Kila Jumamosi mimi na kaka tulipanda bodaboda kwenda kulitazama, tumeshika kopo la maji na kitambaa, kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba. Karibuni. Mgonjwa kaamka vizuri, ila hajala." Maana yake petroli imekwisha, kwa sababu kaka hakuweza kujizuia kuliwasha lingurume kidogo. Halafu Mzee Athumani anapokea hela ya maegesho ya wiki huku akitikisa kichwa. "Luhende, mimi nakula hela yako na roho inaniuma. Lakini naila."

Mama alikwenda kuliona mara moja. Alivaa kitenge cha kanisani, akalizunguka, akachungulia ndani. "Viti ni hivi viwili tu?"

"Ndiyo, mayu."

"Mpunga utakaa wapi?"

"Mayu, hili si la mpunga."

"La nini sasa?"

Kaka akanitazama mimi. Mimi nikaona kuna tope kwenye taa ya nyuma, nikaenda kulifuta kwa makini sana.

Tuliliendesha mara tatu tu, kwenda Shinyanga mjini na kurudi. Mara ya tatu likaingia kwenye shimo, tairi likachanika na ringi ikapinda. Fundi wa mjini alifunua boneti, akatazama, akaifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Akasema lazima kompyuta ya kampuni. Tukauliza spea za mtumba. Akacheka, akatufundisha kitu ambacho sikujua: spea za mtumba zinapatikana kwa sababu kuna wenzako waliogonga kabla yako, na gari hili ni jipya mno, hakuna aliyewahi kuligonga. Wa kwanza ni sisi. Na bima? Kaka alikuwa amekata ile ndogo inayomlipa uliyemgonga, maana ile kubwa ilikuwa inatosha kununulia ng'ombe. Shimo halikudai fidia. Tukabaki na tairi letu, na gari likarudi kwa Mzee Athumani juu ya lori.

Wiki mbili za pampu zilikuwa zimegeuka miezi miwili. Siku moja tuko hapo kwa Mzee Athumani, simu ya kaka ikaita. Ilikuwa Nkwabi. Simu ile ina spika mbovu, haiongei kwa siri, kwa hiyo sote tulisikia.

"Luhende, maji yamefika kwenye ngazi ya pili. Tulikuwa tumeuona mwamba wa dhahabu. Tumeuona kabisa, kaka! Sasa tumekaa juu tunaangalia maji, watu tisa, na dagaa wenyewe wamekwisha. Hiyo pampu iko kwa fundi gani?"

Kaka aliegemea lile gari la rangi ya chungwa akafunika uso kwa mkono. Mwanangu, mimi najua kufanya mzaha msibani. Siku ile nilichukua kitambaa nikaanza kufuta ringi iliyopinda.

Wiki ileile akaliuza. Mnunuzi alitoka Mwanza, anakodisha magari ya harusi; alitaja bei iliyomfanya kaka ameze mate mara tatu, akaikubali. Hela ile ilitosha pampu nyingine na chakula cha wale watu mpaka mwamba ufikiwe tena. Kiwanja cha Kolandoto ndiyo basi.

Hapo ndipo nilipobanwa. Jumapili mchana tumekaa uani, mama anabangua karanga, kaka akasema, "Wale watu wa mtandaoni ni matapeli. Walitaja bei moja, wakaficha nyingine. Kesho nakwenda polisi mjini. Msomi, utakwenda na mimi uwaeleze askari, wewe ndiye unayejua Kiingereza chao."

Nikajiona niko kaunta ya polisi, tangazo limefunguliwa, afande anasoma ule mstari kwa sauti. Lakini nisikudanganye: siyo afande aliyenitisha zaidi. Ni vile kaka alivyosema "wewe ndiye unayejua", kwa majivuno yaleyale, hata baada ya yote.

"Kaka," nikasema, "hawakuficha. Iliandikwa."

"Iliandikwa wapi?"

"Chini ya bei. Niliiona siku ileile."

Mikono ya mama ikasimama kwenye karanga. Kaka akanitazama mdomo kama anavyonitazama nikisoma, akingoja niendelee.

"Uliiona," akasema.

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka unishushe nalo shuleni."

Akainuka. Nikajua kipigo kinakuja, nikakaza shingo. Akaenda mpaka kwenye mtungi, akanywa maji kikombe kizima, akarudi, akakaa palepale alipokuwa. Akamtazama kuku mmoja akipita katikati yetu, akirudi, akipita tena. Halafu akasema, taratibu, "Lakini lilikuwa zuri, siyo?"

"Lilikuwa zuri, kaka."

"Lile lilivyokuwa likinguruma!"

"Mama alianua nguo kwa ajili yake."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu mbili tofauti. Kaka hajawahi kunisema kwa jambo lile tena. Ila ilipita miezi kabla hajanipa karatasi nyingine nimsomee. Aliniita Mabula muda wote huo. Mwanangu, kama unadhani kipigo ni adhabu, ngoja siku uitwe jina lako.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu kizuri kilichotoka juzi kipende tu, kitazame hata mara saba, macho hayalipiwi. Lakini kabla hujatoa hela, uliza kitakula nini, kitalala wapi, kikiumwa utakipeleka kwa nani, na njia ya kwenu itakipitisha. Waulize waliokwisha kukinunua. Kama hakuna aliyewahi kukinunua, jua wewe ndiye wa kujaribiwa. Usiuze kinachokulisha ili ulipie kinachokupendeza, hasa kama kuna watu wengine wanakula kwenye sahani hiyohiyo. Na hili la mwisho ndilo langu mwenyewe: mtu asiyejua lugha fulani akikupa karatasi umsomee, amekupa macho yake uyashike. Msomee kilichoandikwa. Usimsomee unachotamani.

Mungu akukuze, mwanangu, ndevu zako zizidi zangu. Akupe gari siku moja, tena jipya, na barabara ya kufika nalo mpaka uani kwa mama yako. Na akupe mdogo wako mwenye akili kuliko mimi.

Sijakuambia alichosema mama. Siku ile, tulipokuwa bado tunacheka na kufuta machozi, alikusanya maganda ya karanga kwenye ungo, akatutazama mmoja mmoja, akasema hivi, na sijapunguza neno:

"Mmemaliza kucheka? Haya. Luhende, kesho asubuhi pampu inunuliwe, kabla hujaonyeshwa picha nyingine. Na wewe Mabula utakwenda naye mpaka duarani, uwaambie wale watu tisa kwa mdomo wako kwamba maji yale umeyaingiza wewe. Wakikuchapa, vumilia. Wakikusamehe, baki uwapikie ugali mpaka shule zifunguliwe. Michembe ya viazi, ya kula njiani, nitawafungia mimi."