Nilichotafsiri Hirbadaw

Kwaya ya chuo chetu ilipoamua kwenda Hanang kuimba amani, ghafla mimi ndiye niliyeonekana mtu wa maana kupita wote. Kwetu ni Tumati, mlimani kwa wakulima, lakini baba yangu aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule tambarare, na nusu ya utoto wangu niliishi naye kambini. Wanawake wa wafugaji walituletea maziwa kwenye vibuyu, nikacheza na watoto wao, nikaokota lugha yao. Chuoni nililisema hili mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mhadhiri wetu wa muziki akaniteua kuwa mkalimani, nami nikavimba kichwa.

Wakati huo wakulima na wafugaji walikuwa hawaivi. Ngano ilikuwa imemeza malisho, ng'ombe wakiingia shambani wanakamatwa, vijana wanapigana mnadani Katesh. Mhadhiri aliamini kwamba watu wakisikiliza nyimbo pamoja kwa saa moja, watasalimiana. Simcheki. Hata mimi niliamini.

Tulifika Hirbadaw, kwenye mashamba yale yale ya ngano, asubuhi na lori, jenereta na vipaza sauti viwili, kimoja kibovu. Watu walikuwa wamejaa tayari, wakulima upande huu na nguo zao za kanisani, wafugaji upande ule na mashuka na fimbo. Mhadhiri akalalamika kwamba pale palivyo tambarare, walio nyuma hawatatuona. Kisha akaona tuta la udongo pembeni mwa shamba, limeota nyasi, kimo chake kinampita mtu mzima.

"Pale panafaa?" akaniuliza.

Nililijua lile tuta. Nilipokuwa mdogo baba alinipakia kwenye trekta, na tulipolikaribia akainua plau, akazunguka kwa mbali, akaishusha upande wa pili. Aliniambia kuna mzee wa wafugaji amezikwa pale. Madereva wengine walikuwa wanalima makaburi kama yale juu kwa juu, lakini yeye alisema hawezi. Yote hayo niliyakumbuka pale pale. Ila mhadhiri alikuwa ananitazama, wenzangu wameshabeba ngoma, na mimi, mwenyeji niliyejisifia kote huko, nilitaka niwe na jibu la haraka. Nikasema panafaa.

Tukapanda. Tuliimba vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wakulima wakapiga makofi. Upande wa pili walikaa kimya kabisa, nami nikajiambia kwamba hawajazoea gitaa.

Katikati ya wimbo wa tatu mzee mmoja akatoka kwa wafugaji, mkononi ana majani mabichi. Kwetu, huku mlimani na kule tambarare pia, anayeshika majani mabichi anaomba amani, na hakuna asiyejua. Tukanyamaza. Aliyaweka chini ya tuta, akasema maneno taratibu kwa lugha yake bila kututazama. Alikuwa anasema na aliyezikwa. Alimwambia kwamba hawa ni watoto, wamekukanyaga kwa kutojua, usiwakasirikie.

Mhadhiri machozi yakamlengalenga. Akanisogezea kipaza sauti. "Anasema nini?"

Nafasi nilikuwa nayo. Ningesema ukweli, tungeshuka, tungeomba radhi mbele ya watu wote, na huenda tamasha letu lingeanzia hapo. Nikawatazama watu wale, nikaona haya. Wala si kwa ajili ya marehemu, ni kwa ajili yangu, kwamba watajua nilijua.

"Anatubariki," nikasema. "Anasema tuendelee."

Wakulima wakashangilia. Tukaimba nyimbo nne zaidi juu ya lile kaburi. Wafugaji wakaanza kuondoka wawili wawili, na mhadhiri akasema labda ni muda wa kunywesha ng'ombe.

Tulipomaliza nilimfuata yule mzee, aliyekuwa amebaki peke yake karibu na majani yake. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka anisamehe bila mimi kutaja kosa. Nikainama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Kisha akaendelea kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kutosha, cha mtu aliyesimama miaka mingi kwenye milango ya ofisi za shamba akiulizia ardhi yao. "Mimi sijasema muendelee."

Akanitazama usoni muda mrefu.

"Wewe ni binti wa yule dereva wa Tumati," akasema. "Mmefanana. Yeye akifika hapa alikuwa anainua plau."

Akaondoka. Wiki ile nilipita nyumbani, nikamkuta baba anakamua ng'ombe. Akaniuliza, kwa furaha kabisa, kama watu walikuja wengi, na tuliimbia wapi.

Nikamwambia tuliimbia uwanja wa shule.