Sauti Juu ya Sauti ya Mama

Kuna kibanda cha sinema hapa Mwingi ambacho hadi leo nikikipita nageuza uso. Mwenyewe hunisalimia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayonichoma. Unampa flashi, anakujazia sinema za kila nchi, na hakuna hata moja aliyoruhusiwa kuiuza.

Moja ilikuwa yetu. Mume wangu aliitengeneza kwa Kikamba baada ya kuuza mbuzi wetu karibu wote. Mama yake aliigiza bibi kizee anayemuaga binti anayekwenda kufanya kazi Saudia. Mama mkwe hakuwahi kusimama mbele ya kamera, ila alipofika pale pa kumbariki binti, hakuigiza. Alimtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyombariki mtoto anayesafiri, akasema maneno aliyoambiwa na mama yake mwenyewe alipoolewa. Tulipanga kuionyesha kwa tiketi katika kumbi, kuanzia Mwingi hadi Makindu, ili mapato yatupe sinema ya pili, mama akiwemo tena.

Sijui nani aliivujisha. Mwenye kibanda aliipata, akampelekea DJ, mmoja wa hawa vijana wanaorekodi sauti yao juu ya filamu, wakitafsiri kwa Sheng na kuchomeka utani mpaka waigizaji hawasikiki. Jumapili moja, tukitoka kanisani, mama mmoja wa ushirika alinishika mkono.

"Tumeona sinema yenu, tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mungu awabariki."

Ilikuwa sinema ya kilio. Na mama huyo alikuwa ametoka kuitikia amina kwa mahubiri juu ya wizi.

Kesho yake nilikwenda kibandani nikiwa nimefura. Mwenyewe hakushtuka.

"Lakini mum, si nimewasaidia kuadvertise? Saa hii mpaka Tseikuru wanawajua. Na watu wa huku hawana pesa ya tiketi."

Hawana ya tiketi, lakini ya kumlipa yeye wanayo, na ya bando, na ya soda ya kunywa wakitazama. Nimechoka na huruma ya aina hii, ambayo kila mara gharama yake hubebeshwa mtu mwingine.

Kumbi zilibaki na viti vitupu. Mume wangu aliacha kuizungumzia sinema ya pili, kisha akaiuza kompyuta yake. Nilimuuliza kama ameweka nakala ya filamu yetu mahali.

"Ya nini?" alisema. "Si mji mzima unayo."

Mwaka jana mama mkwe alifariki. Baada ya mazishi watoto wakaanza kuomba wamsikie bibi akiongea, na hapo ndipo tulipotambua kwamba sauti yake hatukuwa nayo popote. Nikameza hasira, nikaenda kwa yule yule mtu. Nilimwomba ile isiyo na DJ.

"Hiyo nilidelete, mum. Haiwezi sell." Akachomeka flashi yangu, akanakili aliyokuwa nayo. Nilipotoa pesa akazisukuma kando. "Zii. Siwezi kuwacharge, hii ni yenu. Na poleni sana."

Niliichukua. Sikumwambia asante.

Tuliiwasha mchana huo, watoto wakiwa mkekani. Mama akatokea, akamwinamia binti, midomo yake ikaanza kusema. Juu yake ile sauti ikaropoka: "Cheki shosho anatemea dame mate, hiyo ni uchawi ya ushago." Ati uchawi wa kijijini. Halafu ikaangua kicheko. Nilirudisha nyuma, nikabandika sikio kwenye spika, nikarudisha tena. Sikupata hata neno moja la baraka ile.

Binti yetu mdogo, aliyepewa jina la bibi yake, alikuwa akicheka pamoja na DJ.