Nilimchongea Mama Esperance kwa Neno "Hon"

Jamani, mimi ni mchongezi. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma bure.

Mwaka 2012 nilikuwa na kazi ya muda kwenye chekechea moja hapa Stockholm. Kazi yenyewe nilitafutiwa na Mama Esperance, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu kwenye mtaa wa Alby, naye akifanya kazi hapohapo kwa mkataba. Alinipeleka mwenyewe kwa mkuu wa chekechea, akamwambia, "Huyu ni mdogo wangu. Akiharibu, uniulize mimi."

Mara mkuu akaja na sheria mpya. Kiswidi kina "han" kwa mwanamume na "hon" kwa mwanamke. Sasa eti tusiwaite watoto hivyo: tuseme "hen", la wote, au tutaje jina. Loo! Miaka yote Waswidi walitucheka tukichanganya han na hon, maana kwetu kila mtu ni "yeye". Leo wamejitungia "yeye" yao, wanatamba nayo kama wamegundua moto!

Mimi iliniteremka kama uji. Mama Esperance ikamshinda. Alihangaika miaka darasani mpaka hizo han na hon zikamkaa kichwani. Mtoto wa kike akianguka uwanjani, "hon" inamtoka kabla hajamfikia.

"Walinifundisha kwa nguvu," alinung'unika, "sasa wanataka nisahau kwa nguvu?"

Nikaanza kumdharau. Mshamba huyu, nilijisemea, atatuaibisha. Na mimi mkataba wa kudumu nilikuwa nautamani vibaya mno.

Siku ya mkutano, mkuu wetu akauliza sheria inaendaje. Nikanyoosha mkono, mimi, kama mtoto wa darasa la kwanza!

"Esperance bado anasema hon kila siku. Nadhani hataki kubadilika."

Hilo la "hataki" nililitia chumvi mwenyewe. Uongo mtupu!

Mama Esperance akanigeukia. "Mdogo wangu," akasema kwa Kiswahili, "ni miye unasema hivyo?"

Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba kazini tuongee Kiswidi. Fedheha gani hiyo!

Dakika tano baadaye, mkuu huyohuyo, akisimulia habari za mtoto mmoja, akasema "han" mara mbili. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Ptuu!

Mkataba wa Mama Esperance ulipokwisha, hawakuuongeza. Eti haendani na misingi yao. Mimi nikapewa wa kudumu. Haikupita miezi mingi, sheria ikalegea, wote wakarudi kusema walivyozoea. Wanafiki wakubwa, na mimi nimekaa katikati yao!

Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Nilisikia redio ndani, mlango haukufunguliwa. Habari zikaenea, wenzetu wakaanza kunyamaza nikikaribia.

Mwishowe tukakutana madukani Hallunda. "Shikamoo, dada," nikasema, machozi yananilenga. Akanitazama. "Hej," akajibu kwa Kiswidi, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua kwenye lifti. Akaenda zake.

Wewe unayejipendekeza kazini, sheria za wakubwa zicheke au zishike, shauri yako. Ila usimchongee aliyekushika mkono. Mkubwa atakushukuru siku moja tu. Yule uliyemuuza atakujua ulivyo maisha yake yote.