Mzee wa Dundori Niliyemjenga

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote, kwamba wachapishaji wa Nairobi hawasomi miswada bali huipima kwa mizani. Ukileta mwepesi, askari wa getini anakurudishia hapo hapo. Ukileta mzito, unakaribishwa chai. Nilisikia haya katika darasa la jioni hapa Nakuru, nilikorudi kumaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu za kujaza godoro. Aliyeniambia ni mwenzangu wa dawati, ambaye mchana aliuza viazi. Mtu wa mizani, nikaona bila shaka anajua anachosema.

Basi nikajifunza kuandika kwa uzito. Insha zangu zilikuwa ndefu hata mwalimu akazeeka akizisahihisha. Nilipofuzu nikapata kazi katika duka la uchapaji mjini, nikitengeneza programu za mazishi: picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, wasifu katikati. Familia zilileta maelezo mawili matatu, mimi nikayakuza yakawa wasifu. Hapo ndipo nilipoanza kujiita mwandishi na mhariri, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Dundori, kuagiza programu ya mazishi ya mumewe. Hakuwa na mengi: mzee alifuga ng'ombe, hakuwa msemaji, waliishi vizuri. Akanisihi niandike vyema, maana hakuna kingine angeweza kumfanyia tena. Nikamwambia asijali, amefika kwa fundi.

Lo, nilimjenga huyo mzee. Nikamfanya nguzo ya jamii, taa ya Bonde la Ufa, mshauri ambaye mlango wake haukujua komeo, mnenaji ambaye akisimama hata ndege walinyamaza. Mama hakuomba kusoma kwanza. Aliniamini. Siku ya mazishi nikapeleka programu mwenyewe, na ndugu aliyepangiwa kusoma alipozidiwa na kilio, nikajitolea mbio kuliko mtu aliyeitiwa chapati.

Nikaanza kwa mbwembwe. Chini ya tenti watu walitazama picha kwenye programu, wakanitazama mimi, wakarudi kwenye picha. Nilipofika kwa wale ndege, mzee mmoja wa safu ya mbele akamwuliza jirani yake, bila hata kunong'ona, "Kwani leo tunazika wangapi?" Kicheko kikapita, kile cha kuzibwa na leso. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi, akipitisha kidole mstari baada ya mstari, kama anayetafuta mtu wake katika umati.

Siku hizi nahariri vitabu vya watu, kazi ninayoipenda kuliko ugali. Lakini kila nikikuta neno lililowekwa kwa ajili ya kishindo tu, masikio yangu hushika moto, nikajiona tena nimesimama kwenye matope ya Dundori na maikrofoni mkononi. Nalikata upesi, kama vile mama yule bado anasoma.

Maana siku ile aliinuka, akanijia polepole, akaifunika maikrofoni kwa kiganja ili nisikie mimi peke yangu.

"Kijana, huyu simjui," akasema. "Mzee wangu alikuwa anakama ng'ombe, ananiwekea kikombe cha kwanza, halafu anakaa kimya. Sema hivyo, inatosha."