Hatujapata Hata Chembe

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kodi hapa Lushoto kupeleka karatasi za kiduka changu. Soko huria limetufanya sote wafanyabiashara. Mbele yangu walisimama wakulima wawili wa Lukozi, kaka na dada, ambao mwaka wa pili sasa wanatafuta dhahabu mtoni, chini ya shamba lao la kabichi. Kibali cha kuchimba kina majina yao wote wawili, ingawa anayeshinda mtoni ni kaka.

"Shikamoo mzee," karani alisema. "Mmepata kiasi gani?"

"Marahaba. Hatujapata hata chembe."

Karani aliweka kalamu chini. "Miaka miwili mnachimba bure?"

Kabla kaka hajajibu, dada alimgeukia. "Kaka, hujapata? Si uliniambia imepatikana, nikauza ng'ombe tununue pampu?"

Kaka alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Akisema ipo, kodi inamngoja. Akisema haipo, dada yake yuko pale pale anamsikia.

"Sikutaka ukate tamaa," alinong'ona.

Karani alitabasamu kama mtu aliyezoea kudanganywa. "Kesho tutakuja kukagua."

Kaka akatia sahihi kwamba hana mapato. Nilimtazama sana, na mpaka leo sijui aliyedanganywa ni nani, serikali au dada yake. Dada naye alijifunga khanga vizuri, akainamia meza ya karani.

"Mwanangu, mkiikuta hiyo dhahabu, naomba mniite na mimi niione."