Chapati Zangu na Mashine ya Wafula

Nitawaambia lakini msicheke, kwa sababu mpaka leo nikipita pale getini najifanya naongea na simu.

Kwa ploti yetu ya kupanga hapa Ngoingwa, Thika, alihamia kijana anaitwa Wafula, mpole sana, salamu kila asubuhi, na mimi mtu mpole hivyo simwamini hata dakika moja. Alikuja na magunia ya mawe (kwani Thika hakuna mawe?), ati ni granaiti ya masomo, ameitoa jangwani Turkana. Pazia imefungwa mchana, na ndani kuna mashine inalia tik, tik, tik. Siku moja nikaamua kuanika nguo karibu na dirisha yake, nguo zenyewe zilikuwa zimeshakauka, nikamsikia akiambia mtu kwa simu, "Hii ya manjano nilidhani ni urani." Urani! Si ndiyo ile ya mabomu? Kufika jioni nilikuwa nimeambia ploti nzima kwamba hiyo mashine ikilia ni kifo, na keretaka, yule msimamizi wa ploti, akaitisha mkutano Jumapili, Wafula afukuzwe.

Wakaja wote pale getini ninapouzia, wakinunua chapati zangu kama kawaida, maana hiyo biashara ndiyo inalisha watoto wangu na singeifunga juu ya mkutano.

Wafula akatoa mawe, hata hakukasirika. "Mama Njeri, hii manjano ni kutu ya chuma tu. Kama urani ilikuwa hapa, maji yaliiosha kitambo. Mawe yenye iko nayo yako maabara, chuoni." Akawasha mashine, kumbe ni ya kupima miale ya mawe, akaisogeza kwa mawe yake: tik... tik.

"Anatudanganya!" nikapiga kelele. "Apime na hapa kwangu tuone tofauti!"

Akaileta kwa meza yangu ya kusukumia chapati, na juu ya hiyo meza ni granaiti, kipande kilichombakia fundi wa Ruiru akitengeneza jikoni ya mtu. Ngai! Ikalia trrrrr bila kupumua.

"Ni kawaida," Wafula akasema, "granaiti nyingine iko hivyo, haidhuru mtu."

Nani alimsikiza? Si mimi ndiye niliwafundisha ikilia ni kifo? Keretaka akatema chapati chini, mama mmoja akaniuliza kama watoto wake wanakufa leo ama kesho, na aibu ikanishika mpaka nikakosa mahali pa kuangalia.

Siku hizi nasukumia kwa ubao na bado watu wanapitia mbali. Nimeapa, dirisha ya mtu sitasikiliza tena. Mteja nimebaki na Wafula peke yake, chapati nne kila asubuhi, na anasema asante. Lakini aki niambieni, mtu nilitaka afukuzwe, anataka nini na mimi?