Laana Yenye Vyumba Ishirini

Kiingereza nilikianzia Louisville, tulikofikia na wazazi; nikakikoleza Columbus kwa dada yangu; kisha nikahamia nacho Buffalo. Kilikuwa kimeiva upande mmoja tu, lakini bon, ndiyo hivyo, nani angenifunga kwa hilo?

Nikapata kazi ya kumtunza bibi mmoja Myahudi mtaa wa Riverside, karibu na mto. Binti yake alinipokea mlangoni. "Ameshafukuza watunzaji watatu," akasema. "Nakupa mpaka Ijumaa. Akikukataa na wewe, nampeleka kwenye nyumba ya wazee."

Nikamwonea bibi huruma kabla sijamwona.

Siku tatu hakuniambia kitu ila kwamba supu yangu ni mbaya. Alhamisi nikamwaga chai juu ya gazeti lake, tena kabla hajalisoma. Akainua kidole.

"Mungu akupe nyumba kubwa!"

Sasa, kwetu sisi watu wa kanisa, mzee akikubariki huwezi kunyamaza kama gogo. Nikafumba macho, nikakunjua mikono. "Amina!"

"Yenye vyumba ishirini!"

"Amina, Bibi!"

"Na katika kila chumba akae mama mkwe!"

Amina ya tatu ilikuwa imeshanitoka. Nikafumbua macho.

"Unajua nimekulaani?" akauliza.

"Vyumba ishirini ni laana, Bibi? Louisville tulilala wanane katika viwili."

Alicheka mpaka akashika kifua, nami nikakimbilia maji. Baadaye akanieleza. Mama yake aliwalaani watu hivyo kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao Ulaya: kwanza unamlisha mtu asali, halafu unamfungulia nyuki. Naye huyo mtu sharti ajibu. Lakini huyu binti aliyeniajiri Kiyidi hakijui, na wale watunzaji watatu walinuna tu.

"Haya, wewe nijibu."

Mungu wangu! Kumlaani mzee? Mama yangu angenisikia angenifungisha saumu siku saba. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Nikajikaza, Kiingereza kikichechemea:

"Bibi, Mungu akupe maisha marefu. Meno yako yote yarudi. Nyama isikose mezani kila siku... na mpishi niwe mimi."

Hakucheka. Nikajua nimeharibu. Kumbe alikuwa anayarudia maneno yangu polepole, kama anayeonja mchuzi, kisha akayasema kwa Kiyidi, akagonga meza. Kwa Kiyidi, alisema, inauma zaidi.

Ijumaa binti akaja, akavuta kiti karibu na mama yake.

"Vipi huyu, Mama? Naona hata Kiingereza hajakijua vizuri."

"Na wale waliokijua vizuri," bibi akamjibu, "waliniambia nini?"

Binti akafungua mkoba wake, akatafuta ufunguo wa mlango wa nyuma, akanikabidhi.